Udongo wa Kwa Wambura

Baba,

Mwezi uliopita nilipiga chapa sentensi inayokuita mwongo. Niliipiga kwa vidole vyangu mwenyewe, nakala nne na karatasi za kaboni katikati, na sikukosea hata herufi moja. Ilisema kwamba msaidizi aliyechimba udongo katika utafiti wa kwanza hakuwa mwaminifu, kwamba inaelekea hakupanda kilimani hata siku moja, alikuwa akichota udongo karibu na nyumba za watu na kurudi zake. Jina lako hawakuliandika. Lakini msaidizi wa yule Mzungu alikuwa mmoja tu, na mimi ni binti yake.

Nimekasirika, Baba. Nimekaa na hasira hii wiki nzima hapa Kitaji, mtaa ninaopanga mjini, nikawaambia wenzangu wa kazini naumwa kichwa, nikamwambia mwenye nyumba naumwa tumbo. Sasa nimeona nikuandikie wewe mwenyewe, maana sehemu ya hasira ni yako.

Kwanza nikupe habari, nisije nikakufokea kabla hata ya salamu. Tangu utuache mambo yamegeuka. Nilisoma upigaji chapa, nikapata kazi Musoma katika ofisi inayoshughulika na mambo ya ardhi na mazao. Nina meza yangu na mashine yenye herufi moja inayokwama, ile ya "g", sijui kwa nini iwe hiyo. Mama hajambo, ila magoti. Na kule nyumbani hakuna tena nyumbani. Hukuiona Operesheni, ilikuja baada yako. Watu wote wa kilimani tuliambiwa tushuke tukakae pamoja kwenye kijiji kipya, huku chini mbugani, nyumba zimepangwa kwa mistari kama mabenchi ya shule. Tumepata shule na bomba la maji, siwezi kusema hatukupata. Lakini udongo wenyewe unaujua. Mvua ikinyesha unashika miguu hadi unaacha viatu humo. Jua likiwaka unapasuka, na kuta za nyumba zinapasuka nao. Mama ameziba ufa wa chumbani mara tatu. Na uyoga Mama hauoni tena. Kila masika anatoka na kikapu, anazunguka nyuma ya mistari ile, anarudi na mchicha.

Wewe ungecheka, ungesema, "Nilikuwaga nawaambia, mbugani hakuna watu." Ndivyo ulivyokuwa ukisema. Udongo wa kilimani una watu wengi, wa kwenye migunga una watu kiasi, wa mbugani una wawili watatu na hawasemeshani. Nilikuwa nadhani ni utani wako tu, mpaka Mzungu alipotufunulia vile visahani vyake vya kioo.

Unakumbuka tulivyomcheka? Alichemsha viazi, akachuja maji yake, akayagandisha kwenye visahani, halafu akanyunyiza udongo wetu juu yake kidogo tu, wa kushika kwa vidole viwili. Ulirudi nyumbani ukamwambia Mama, "Yule bwana anapikia ukungu, na mimi mgeni wake hajaniuliza kama nimekula." Baada ya siku chache akatuita. Kisahani cha udongo wa mbugani kilikuwa na madoa machache, meusi na ya kijivu. Cha migunga kilikuwa na zaidi. Cha kilimani kilijaa pomoni, kijani, njano, waridi, nyeupe yenye manyoya kama pamba iliyopasuka shambani, hata nafasi ya kuweka sindano hakuna. Ulisimama pale umeshika kofia mkononi. Ukasema polepole, "Kumbe wapo kweli." Akakueleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba kuvu hizi ndizo zinazooza majani na kuilisha miti, kwamba kila aina ya pori ina zake, na kwamba anataka kuzijua kabla watu hawajayafyeka yote. Tangu siku ile hukuchimba tena kama mtu anayefanya kibarua. Ulipiga magoti. Ulifunua nyasi kwa kisu, ukachota, ukarudisha nyasi mahali pake na kuzigandamiza kwa kiganja.

Sasa nieleze mtu wa namna hiyo anaitwaje si mwaminifu.

Ilikuwa hivi. Yule Mzungu alikwisha kurudi kwao siku nyingi, akaacha makaratasi yake kwenye jalada. Mwaka huu akaja mtaalamu kijana, mwenzetu, amesoma sana, mtu wa pwani. Namwita Ndugu Mtaalamu kwa sababu ndivyo anavyopenda. Kazi yake ilikuwa kurudia kuchimba pale pale ulipochimba, aone kuvu zimebadilika vipi. Akafungua jalada. Akakuta ripoti ya Mzungu inasema udongo wa kwa Wambura ni wa kilimani penye miti mchanganyiko, wa kwa Nyamuhanga ni wa kwenye migunga, wa kwa Sabai ni wa mbuga ya nyasi. Akapanda gari, akafika kijijini, akauliza kwa Wambura ni wapi. Watu wakamwonyesha. Wamwonyeshe wapi tena? Kwa Wambura ni pale anapokaa Wambura, mstari wa pili, nyumba ya tano. Kwa Nyamuhanga ni ng'ambo ya njia. Kwa Sabai ni karibu na kisima. Akachimba sehemu zote tatu kabla ya chakula cha mchana, Baba. Sehemu ambazo kwako zilikuwa zinakula siku mbili na nusu, na malengelenge.

Bila shaka udongo wote ulikuwa mmoja. Visahani vyote vitatu vikaota madoa yale yale machache. Na hapo kwa Wambura hapakuwa na kilima wala mti, ni nyasi na nyumba, akaamua kwamba msaidizi wa Mzungu alidanganya.

Utasema kwa nini hakuuliza. Aliuliza! Alimuuliza Mzee Wambura mwenyewe, rafiki yako, mliyechungia pamoja. Akamwuliza, "Mzee, unakaa hapa tangu lini?" Na Mzee Wambura, alipoona gari la serikali, na jalada, na kalamu imetolewa, akajibu, "Sisi ni wa hapa hapa, hatuna kwingine." Ndivyo walivyozoeshwa kujibu mikutanoni. Maana mwanzoni wapo waliokuwa wakitorokea mahame yao kilimani, wakafuatwa wakarudishwa, na tangu hapo hakuna mzee anayekubali mbele ya mtu mwenye kalamu kwamba aliwahi kuwa na kwao kwingine. Mtaalamu akaandika jibu lile kama lilivyo. Kisha akanipa mimi nipige chapa.

Niliposoma nilimwendea nikamweleza. Sikupiga kelele, nilizungumza kwa adabu zote. Akanisikiliza, ni kijana msikivu. Akaniuliza, je, kuna maandishi yoyote yanayoonyesha kwamba kwa Wambura ya zamani ilikuwa kilimani, mbali na neno la Mzungu aliyekuwa akikaa ofisini akiletewa makopo? Nikasema zipo kadi. Kila kopo lilikuwa na kadi yake. Akatoa bahasha, akazimwaga mezani.

Baba, ni mwandiko wangu. Ule mwandiko wangu wa darasa la saba, wenye mikia mirefu. Kadi ina mistari miwili. Wa kwanza, Mahali. Wa pili, Uoto, yaani ni miti gani na nyasi gani zinaota pale. Kadi tatu za mwanzo nimejaza vizuri, maana Mzungu alikuwa amesimama nyuma yetu. Kisha alipoanza kukutuma peke yako, nami nikawa nakuandikia ukirudi, kadi zote zilizobaki, moja baada ya nyingine: Mahali, kwa Wambura. Uoto, patupu. Mahali, kwa Sabai. Uoto, patupu. Na hata zile tatu za mwanzo panya wamezila pembeni, mstari wa pili hausomeki.

Nakumbuka nilivyokuwa nikikuuliza. Mimi nimekaa juu ya jiwe mbele ya nyumba, kalamu mkononi, na wewe umerudi kuchimba, unafunga kopo kwa kamba ya katani. Nilikuuliza, "Uoto niandike nini?" Ukanijibu, "Andika kwa Wambura, inatosha. Wenyewe wanajuaga." Wenyewe nani, Baba? Nani huyo alikuwa anajua? Ulidhani kila atakayeshika kadi ile duniani ni mtu wa kwetu, anayejua kwamba kwa Wambura ni mgongo wa kilima upande wa machweo, penye mikuyu na mininga na vichaka visivyopenyeka? Na mimi nami mjinga, niliyekuwa nimefundishwa shuleni kujaza kila mstari, nikaacha wazi kwa kuwa baba amesema na kwa kuwa nilikuwa na njaa.

Ndiyo hasira yangu hiyo. Si yako peke yako. Nimekufokea nimalizie kujifokea.

Ndugu Mtaalamu akakusanya kadi zake. Akasema ripoti itaondoka Ijumaa ya wiki inayofuata, na kama ninaweza kuleta udongo wa kilimani na shahidi, ataupanda kwenye visahani. Kama siwezi, sentensi ibaki.

Nikaomba ruhusa ya siku tatu. Basi la kwanza liliharibika kabla hata hatujavuka Buhare, hapo hapo karibu na mjini, tukashuka tukasubiri. La pili likajaa magunia. Nilifika Bunda nimesimama njia nzima, nikapata lori la pamba, nikafika kijijini vumbi tupu. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Wambura. Sikumwamkia vizuri, Mungu anisamehe. Nilimwambia, "Mzee, umemfanya baba yangu mwongo." Alikuna goti. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi niliogopa. Yule alikuwa na kalamu."

Ningefanya nini na jibu hilo? Nilitaka kumkasirikia zaidi nikashindwa. Nikamwambia basi twende kilimani kesho, unionyeshe boma lako, tuchimbe. Akatikisa kichwa. Kupanda kule mpaka mwenyekiti wa kijiji ajue, na mwenyekiti akijua atauliza unafuata nini kwenye mahame. Nikaenda kwa mwenyekiti na kitambulisho changu cha kazi. Akataka barua ya ofisi. Nikamwambia ofisi iko Musoma. Akasema basi barua itatoka Musoma. Nilimweleza habari za kuvu tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinitazama kwa huruma, akamuuliza Mama kama nimekuwa nikilala vizuri huko mjini.

Aliyetuokoa ni Mzee Wambura mwenyewe, kwa uoga wake huo huo. Kulipokucha akaenda kwa mwenyekiti akasema ng'ombe wake amepotea, ameonekana akielekea kilimani, naomba nimfuate na huyu binti anisaidie. Kwa ng'ombe hakuna anayekatazwa. Mwenyekiti, mtu mwema, akasema wazee kama wewe hawaendi peke yao, akatupa mgambo wawili watusaidie kutafuta. Tukapanda kilima, Baba, mimi na jembe na makopo kwenye kikapu, Mama na magoti yake maana alikataa kubaki, na mgambo wawili wanaita kwa sauti kubwa ng'ombe ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mmoja akamuuliza mzee ana rangi gani. Mzee akasema mwekundu. Mbele kidogo yule wa pili akamuuliza tena, akasema mweusi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ni mara ya kwanza nimecheka tangu niipige ile sentensi.

Pori limerudi kwa nguvu. Boma la Wambura limebaki ua wa minyaa na mawe ya kusagia. Harufu ya udongo ni ile ile, yenye uyoga ndani yake hata kabla ya mvua. Mama alisimama akiivuta puani. Mgambo mmoja akaokota donge, akalifikicha, akaona nyuzi nyeupe nyembamba zimelishona, akauliza, "Hizi nini tena?" Nikamweleza. Mpaka namaliza alikuwa amesahau ng'ombe.

Nikataka kuanza kuchimba kwenye ua wa Wambura. Mzee akanizuia. Akasema, "Si hapa. Baba yako hakuchimbaga hapa kwangu." Akatuongoza kama hatua mia moja kupita kichaka, hadi nyuma ya boma letu sisi. Akatuonyesha mashimo yako. Yapo bado, Baba, yamejaa majani makavu, yamepangwa kwa mstari, manne na nyasi zake juu. Yapo ndani ya eneo letu, si lake. Nikamuuliza sasa kwa nini kadi zinasema kwa Wambura. Akacheka kidogo, akafuta macho. Akasema wewe uliona haya. Uliona si adabu mtu kuandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi za serikali kila siku, watu watasema Makuru anajitangaza. Ukaona umpe jirani heshima hiyo, maana ni mkubwa kwako kwa mwaka mmoja.

Kwa mwaka mmoja!

Nilisimama pale nikitamani uwe hai nikugombeze. Adabu yako ndiyo iliyokuponza. Mgambo waliona ninalia, wakadhani ni kwa ajili ya ng'ombe.

Nilichimba kama ulivyonifundisha, kwa magoti, nyasi kwanza. Tukashuka tukapitia kwenye migunga kwa Nyamuhanga ya zamani, kisha mbugani kwa Sabai ya zamani, mbali na nyumba. Mstari wa pili nilijaza safari hii mpaka kadi ikaisha nafasi, nikageuza nyuma. Mzee Wambura akatia dole gumba mbele ya mgambo kama shahidi. Aliitazama kwanza kalamu yangu, lakini alilitia.

Ndugu Mtaalamu aliupanda siku niliyofika. Ijumaa ikaja, visahani bado havijaota vizuri, mkubwa wa ofisi akasema ripoti haiwezi kungoja ukungu. Ikaondoka. Ikaondoka na sentensi yake, ukurasa wa tatu, na mimi ndiye niliyefunga bahasha.

Jumatatu akaniita maabara. Kisahani cha kilimani kilikuwa kimejaa pomoni, kijani, njano, waridi na ile ya manyoya meupe. Cha migunga kiasi. Cha mbugani wawili watatu. Alivitazama sana, akafungua ripoti ya Mzungu, akalinganisha, akafunga. Akasema, "Mzee alichimba." Basi, maneno mawili. Kisha akaniomba radhi mbele ya wenzangu, na hilo sitamsahaulia. Lakini ripoti ni ripoti, haiitwi irudi. Kinachowezekana ni karatasi moja ya masahihisho, ifuate kwa posta, ibandikwe nyuma ya nakala zote nne kama watakaoipokea watajisumbua kuibandika. Nawajua makarani, Baba, mimi ni mmoja wao. Watatu hawatajisumbua. Nakala ya kwetu nimeibandika mwenyewe kwa gundi, siyo kwa pini.

Akaniambia niipige chapa, na kwamba lazima mahali pawe na jina ambalo mtafiti mwingine akija baada ya miaka ishirini atalikuta. Nikakaa mbele ya mashine. Kwa Wambura haifai, Wambura yuko mstari wa pili nyumba ya tano. Kwa Sabai, kwa Nyamuhanga, wote wamehama. Nikamfikiria kila mtu wa kilima kile, mmoja mmoja, na kila mmoja yuko mbugani anaziba nyufa.

Halafu nikakumbuka tulipomaliza kuchimba nyuma ya boma, Mama alikwenda pembeni peke yake, akang'oa magugu juu ya kaburi lako, akayapanga mawe yaliyokuwa yameanguka. Halikuwa hata hatua ishirini kutoka kwenye mashimo.

Nikapiga: Mahali, kwa Makuru. Ndugu Mtaalamu akauliza huyo anakaa huko? Nikamwambia ndiyo.

Usinikasirikie kwa kukuandika. Najua unaona haya. Nakuahidi nitapanda kila masika nikiwa na pumzi, kwa barua ya ofisi au kwa ng'ombe wa uongo, nichimbe makopo matatu, nijaze mistari yote miwili, na nitakuwa naandika jina lako kwa herufi kubwa mpaka ulizoee. Pumzika, Baba. Umekaa mahali pazuri, penye watu wengi.

Sisi wote tulihamishwa. Atakayekuja akiulizia kwa Makuru atakukuta.

Mwanao,
Veronika